"Pick up": hiyo "up" si juu

Mtu akikuandikia kutoka Mwenge "Pick me at 5", ujue anataka umpitie. (Hiyo 5 nayo uulize: ni saa tano au saa kumi na moja?) Kwa Mtanzania au Mkenya ujumbe huo hauna tatizo, kama usivyo na tatizo "he didn't pick my call". Akiusoma Mwingereza, atauona kama "nichague saa kumi na moja". "Pick" ikiwa peke yake ni kuchagua au kuchuma: unachagua rangi, unachuma maua. Ikiongezewa "up" inakuwa kitenzi kingine, chenye ukoo wake wa maana.

Maana ya mwanzo ni kuokota au kunyanyua kilicho chini. "She picked up the coin": aliokota sarafu. Hapo "up" bado inaelekea juu. Kwingine ukiitafsiri hivyo utapotea. Dereva akisema "I'll pick you up at Posta" hana nia ya kukubeba mgongoni. Unayekwenda kwa fundi Kariakoo kuchukua suti yako, kitenzi ni hichohicho. Simu inaita, mtu anapokea: "I called twice, he didn't pick up", wala simu yenyewe haitajwi. Redio ikinasa matangazo, "it picks up the signal". Biashara ikichangamka, upepo ukikolea, "it's picking up". Polisi "wakimpick up" mtu, wamemkamata.

Maana ya kuangalia sana ni ya kupata kitu bila kukikusudia. "I picked up a cold" ni nimepata mafua. "He picked up Swahili in Zanzibar" maana yake alikidaka Kiswahili kwa kusikiasikia mitaani, hakuketi darasani. Kwa hiyo ukiandika kwenye barua ya kuomba kazi "I picked up accounting at college", umejipunguzia mwenyewe: miaka ya chuo na mitihani yote inasomeka kama uhasibu wa kuokoteza. Andika "I studied accounting".

Dereva naye ajihadhari. "I picked up a passenger in Sinza" ni salama. "I picked up a woman in Sinza" inaweza kueleweka kuwa alimtongoza akaondoka naye.

Makosa mengi, hata hivyo, yanatokea kwenye mpangilio wa maneno. Jina linaweza kukaa mwisho au katikati: "pick up Asha", "pick Asha up". Kiwakilishi hukaa katikati tu: "pick her up". "I'll pick up her", ukiishia hapo, si sahihi. Kiswahili kinakusaidia kukumbuka. Katika "nitampitia", ile "m" imeingia tumboni mwa kitenzi, lakini Asha akitajwa kwa jina anakaa nje: "nitampitia Asha". "Her", "him", "it" na "them" zichukulie kama viambishi hivyo, uziingize tumboni.

Utakutana na "I'll pick up her bag" ukadhani kanuni imevunjika. Haijavunjika. "Her" ya hapo ni "lake", begi lake, na kinachochukuliwa ni begi. Maelezo yakiwa marefu, kama "the parcel your uncle sent from Tanga", usiiache "up" ikasubiri mpaka Tanga. Ibaki karibu na "pick". Na "pick up on", yaani kugundua jambo ambalo halikusemwa wazi, haikatwi: "she picked up on it".

Kwenye maandishi, kitenzi ni maneno mawili. Nomino huunganishwa, "pickup", kama unavyoiona kwenye programu za kuita teksi, ikimaanisha mahali pa kumchukua abiria. Gari la mizigo nalo linaandikwa hivyo, lile tuliloligeuza pikapu. Ukisema "pick it up in the pickup", mkazo wa kitenzi unaangukia "up", wa gari unaangukia "pick". Sisi tumeuhamishia kwenye "ka".