Kwa Nini Semina Peke Yake Haimbadilishi Mwalimu

Mtaala mpya ukifika shuleni na mambo yakakwama, lawama ya kwanza huwaangukia walimu: hawataki kubadilika. Sisi tunaowaandaa walimu wa sekondari huisikia kauli hiyo mara nyingi, na kwa maoni yangu inawaonea. Kumudu mabadiliko ni ustadi, na ustadi hujengwa.

Watafiti wa saikolojia ya elimu, akiwamo Andrew Martin wa Australia, huutazama uwezo huo katika pande tatu: mtu anavyofikiri hali mpya inapomkuta, anavyorekebisha vitendo vyake, na anavyotawala hisia zake. Upande huu wa tatu ndio tunaousahau. Mwalimu aliyefundisha hisabati kwa miaka 20, akiambiwa leo awaache wanafunzi wajadiliane kwa vikundi, hasumbuliwi na vikundi vyenyewe. Anachohofia ni kubabaika mbele ya vijana wa miaka 15, na vijana wa umri huo hawachelewi kugundua.

Kinachompa uthabiti ni nini? Mwaka 1986 Lee Shulman wa Marekani alieleza maarifa ambayo ni ya mwalimu hasa: kujua jinsi mada fulani inavyofundishika. Kila anayejua hisabati anajua kwamba (a + b)² si sawa na a² + b². Mwalimu mahiri anajua zaidi. Anajua kwamba wanafunzi wengi wataandika kuwa ni sawa, anajua wanakokosea, na ana mraba wa kuwachorea, uliogawanywa vipande vinne, ili waone kwa macho zile ab mbili walizoziacha. Mwalimu huyu mpe kompyuta au mwachie chaki tu, bado anajua anachokitafuta. Asiye na maarifa hayo, kifaa kipya humwongezea mzigo.

Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, hatua iliyowagusa wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani kwa hesabu ya UNESCO, walimu wengi walijifunza kuendesha vipindi kwa mtandao kwa muda mfupi sana. Ugumu uliobaki ulikuwa wa ualimu: utajuaje kama mwanafunzi usiyeuona uso wake ameelewa? Akili unde nayo imeleta swali la namna hiyo. Tangu ChatGPT, programu inayoweza kuandika insha nzima ikiombwa, itoke Novemba 2022, insha iliyoandikwa nyumbani haitoshi kuwa ushahidi wa kujifunza. Mwalimu hana budi kuomba rasimu, kumhoji mwanafunzi kwa dakika chache, au kumpa sehemu ya kazi aifanye darasani.

Sasa, tunawasaidiaje? Thomas Guskey, mtafiti wa elimu wa Marekani, naye mwaka 1986, alitoa hoja ambayo waandaaji wengi wa mafunzo kazini bado hawajaizingatia. Alisema imani ya mwalimu haibadiliki kwa kuhubiriwa. Hubadilika baada ya kujaribu jambo na kuona wanafunzi wake wanaelewa vizuri zaidi. Semina ya siku mbili inayomaliza nguvu zake kumshawishi mwalimu imeanzia mwisho. Anachohitaji ni jambo dogo la kujaribu wiki ijayo, na mtu wa kuzungumza naye baada ya kulijaribu.

Wajapani wana utaratibu wa miaka mingi unaolifanya hili vizuri. Walimu huandaa somo moja pamoja, mmoja wao hulifundisha, wengine hukaa darasani wakitazama, kisha hulijadili na kuliboresha. Macho yao huwa kwa wanafunzi: nani amekwama, amekwama wapi, amesema nini alipokwama. Kwa kuwa somo ni la wote, aliyelifundisha habebi aibu peke yake likiyumba, na ile hofu niliyoitaja hupungua.

Mkuu wa shule anaweza kuanza na walimu watatu wa somo moja, mada moja ambayo wanafunzi huikosea kila mwaka, na kipindi kimoja kwa wiki cha kukaa pamoja, kikiandikwa kwenye ratiba ya shule kama vipindi vingine. Kikiachwa kwa muda wa ziada baada ya masomo, usahihishaji wa madaftari utakimeza.