Kutafuta neno ndani ya matini: dhana potofu na ukweli wake

Unapobonyeza kitufe cha kutafuta kwenye faili, au kingavirusi inapokagua kiambatisho cha barua pepe, kazi inayofanyika ni ileile. Kuna matini ndefu, kuna ruwaza fupi (mfuatano wa herufi unaotafutwa), na kompyuta inatakiwa iseme ruwaza hiyo imo au haimo, na kama imo, iko nafasi ya ngapi. Kazi hii inaelezeka kwa sentensi moja, na pengine ndiyo maana watu wengi huridhika na maelezo ya juujuu. Hizi ni dhana zinazorudiwa sana darasani na kazini, pamoja na jinsi mambo yalivyo.

"Kulinganisha herufi mojamoja ni njia ya wanaoanza, programu za kweli haziitumii"

Njia hiyo huiweka ruwaza mwanzoni mwa matini na kulinganisha kutoka kushoto. Ikikuta tofauti, huisogeza ruwaza hatua moja na kuanza upya. Vitabu huikosoa kwa mfano wa matini yenye herufi a 1,000,000, na ruwaza yenye a 999 zikifuatwa na b moja. Kila nafasi italinganishwa mpaka herufi ya 1,000 ndipo ionekane haifai, na jumla inakaribia ulinganisho bilioni 1. Algorithimu (utaratibu wa hatua za kufuata) ya Knuth, Morris na Pratt, iliyochapishwa mwaka 1977 na kuzoeleka kwa jina la KMP, hairudi nyuma kwenye matini. Huandaa kwanza jedwali la ruwaza linaloonyesha ni herufi ngapi kati ya zilizokwisha kulingana zinaweza kutumika tena. Kwa mfano huohuo haivuki ulinganisho milioni 2 hivi.

Hesabu ni sahihi. Kosa ni kudhani matini za kila siku zina sura hiyo. Kwenye makala ya Kiswahili au kumbukumbu za seva, tofauti hujitokeza kwenye herufi ya kwanza au ya pili, kwa hiyo njia ya kawaida huipitia matini karibu mara moja tu. `indexOf`, amri ya kutafuta ya lugha ya Java kwenye OpenJDK, imejengwa juu ya njia hiyo, ikisaidiwa na amri za prosesa zinazolinganisha baiti nyingi kwa mkupuo. Kwenye matini kama hizo KMP mara nyingi huachwa nyuma. Inapofaa kweli ni pale data inapoingia kama mkondo usioweza kurudishwa, au pale matini na ruwaza vinatoka kwa watu usiowajua, ambao wanaweza kutunga makusudi mfano kama ule wa a na b. Maktaba za kisasa huchanganya. Kuanzia toleo 3.10, `find`, amri ya kutafuta ya Python, hutumia njia rahisi kwa ruwaza ndogo na algorithimu ya Crochemore na Perrin ya mwaka 1991 kwa ruwaza na matini kubwa.

"Huwezi kujua neno halimo bila kusoma kila herufi"

Unaweza, na hapa ndipo penye uzuri wa somo hili. Robert Boyer na J Strother Moore walionyesha mwaka 1977 kwamba ukilinganisha kutoka mwisho wa ruwaza badala ya mwanzo, herufi nyingi za matini hazihitaji kuguswa kabisa. Nigel Horspool alirahisisha wazo hilo mwaka 1980, na toleo lake linafuatika kwa kalamu na karatasi.

Tutafute `ndizi` ndani ya `soko la machungwa na ndizi`, matini ya herufi 26 tukihesabu na nafasi tupu. Kwanza tunaandaa jedwali la miruko, yaani umbali wa kila herufi kutoka mwisho wa ruwaza: n = 4, d = 3, i = 2, z = 1. Herufi nyingine yoyote ni 5, urefu wote wa ruwaza.

Dirisha la kwanza linafunika herufi 5 za mwanzo, na herufi yake ya mwisho ni nafasi tupu baada ya `soko`. Haimo kwenye `ndizi`, basi tunaruka 5. Mwisho wa dirisha jipya ni a, tunaruka 5. Kisha g ya `machungwa`, tunaruka 5. Kisha a ya `na`, tunaruka 5 tena. Sasa tunakutana na z. Si i tunayoitaka, lakini imo kwenye ruwaza, na jedwali linasema ruka 1. Herufi ya mwisho sasa ni i, tunarudi nyuma kukagua nyingine nne, na zote zinalingana. Jumla ni ulinganisho 10. Njia ya kawaida ingehitaji 28 kwa matini hiyohiyo. Ruwaza ikiwa ndefu zaidi, miruko nayo hurefuka, na ndiyo maana mara nyingi neno refu hupatikana haraka kuliko fupi.

Kuna kosa moja linalowasumbua wengi wanapoandika programu hii. Herufi ya mwisho ya ruwaza haihesabiwi wakati wa kuandaa jedwali. Ukiihesabu, i itapata mruko wa 0, dirisha halitasogea, na programu itakwama milele. Kosa la pili ni kuandaa jedwali la herufi zote za Yunikodi, mfumo unaozipa namba herufi za lugha zote, ambazo nafasi zake ni 1,114,112. Fanya kazi kwa baiti, jedwali liwe na nafasi 256 tu. UTF-8, njia ya kuziandika herufi za Yunikodi kwa baiti, iliundwa ili baiti ya kuanzia herufi isifanane kamwe na baiti za kuendelezea, hivyo ruwaza halali haiwezi kupatikana kimakosa katikati ya herufi nyingine.

Usiitumie njia hii kwa kila kitu, hata hivyo. Ruwaza ya herufi 2 haiwezi kuruka zaidi ya 2. Na kwenye vinasaba, ambavyo huandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T, karibu kila herufi unayokutana nayo imo karibu na mwisho wa ruwaza, basi miruko inakuwa mifupi na faida inayeyuka. Jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Programu za kutafuta vipande vya vinasaba kama BWA na Bowtie, zote za mwaka 2009, haziipitii upya kila mara. Huiandalia faharasa mara moja, iliyojengwa juu ya ugeuzi wa Burrows na Wheeler wa mwaka 1994, kisha huiuliza faharasa hiyo.

"Hashi zikilingana, maneno yamelingana"

Algorithimu ya Rabin na Karp (1987) hugeuza ruwaza kuwa namba, ndiyo hashi, kisha huigeuza kila sehemu ya matini yenye urefu huohuo kuwa namba kwa njia ileile. Uhodari wake ni kwamba dirisha likisogea hatua moja, namba mpya hupatikana kwa kutoa mchango wa herufi iliyotoka na kuongeza wa iliyoingia, bila kuhesabu upya yote.

Ila namba kulingana ni dalili tu. Chukua hashi dhaifu kabisa, ya kujumlisha namba za ASCII: `lima`, `mali`, `mila` na `imla` zote zinatoa 419. Ndiyo maana kila herufi huzidishwa kwa kipeo kinachotegemea nafasi yake na jibu kugawanywa kwa namba tasa kubwa ili kubaki na salio. Hata hapo migongano hupungua bila kwisha, basi kila namba zikilingana, linganisha herufi zenyewe. Anayeacha hatua hiyo atapata majibu ya uongo mara chache sana, na hitilafu ya mara chache ndiyo ngumu kuliko zote kuikamata.

"Kutafuta maneno 1,000 ni kupitia matini mara 1,000"

Alfred Aho na Margaret Corasick walilimaliza hili mwaka 1975. Ruwaza zote huunganishwa kwenye mti mmoja, na kila tawi huwekewa njia ya kuangukia pale herufi inapokataa. Matini husomwa mara moja tu. Amri ya `fgrep` ilizaliwa hapo, na programu za ulinzi Snort na ClamAV hutumia wazo hilohilo kukagua maelfu ya alama za mashambulizi kwa pamoja. Gharama yake ni kumbukumbu: ukiipa kila hali (yaani kila kituo cha mti huo) jedwali la nafasi 256 za baiti 4, hali 100,000 zinakula zaidi ya megabaiti 100.

"Rejeksi ni utafutaji wa kawaida wenye alama za ziada"

Rejeksi ni ruwaza inayoeleza kundi zima la maneno kwa alama maalumu, kama + yenye maana ya "moja au zaidi". Dhana hii imewahi kuangusha huduma kubwa. Ken Thompson alionyesha tangu mwaka 1968 namna ya kutekeleza rejeksi kwa muda unaokua sambamba na urefu wa matini. Lakini Perl, Java, JavaScript na moduli ya `re` ya Python hutumia njia ya kujaribu na kurudi nyuma. Upe mtambo wa namna hiyo `^(a+)+$`, yaani mafungu ya a moja au zaidi yanayojirudia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na herufi a 30 zikifuatwa na alama ya mshangao. Kuna njia zaidi ya milioni 536 za kuzigawa hizo a katika mafungu, na mtambo usio na kinga utazijaribu zote kabla ya kukiri kwamba hakuna jibu. Ongeza a moja, kazi inakuwa maradufu.

Tarehe 20 Julai 2016 Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandaaji programu, ilizimika kwa dakika 34. Chanzo kilikuwa rejeksi ya kuondoa nafasi tupu pembezoni mwa mstari, iliyokutana na chapisho lenye nafasi tupu zipatazo 20,000 zilizofuatana. Tarehe 2 Julai 2019 Cloudflare, kampuni inayohudumia na kulinda tovuti nyingi, nayo ilipotea kwa dakika 27 baada ya kanuni moja mpya ya rejeksi kumaliza nguvu za prosesa kwenye seva zake duniani kote. Kama rejeksi itakutana na maandishi ya mtumiaji, epuka alama ya kurudia ndani ya nyingine, wekea urefu wa maandishi kikomo, au tumia maktaba ya RE2 au rejeksi za lugha za Go na Rust, ambazo hufuata njia ya Thompson. Utakosa baadhi ya vitu, hasa kurejelea kundi lililonaswa awali, yaani kudai sehemu iliyokwisha kulingana ijirudie. Kwa seva iliyo wazi kwa umma, upungufu huo unavumilika.

"Yanayofanana machoni yanafanana kwa kompyuta"

Kwa wanaoshughulika na Kiswahili, hili ndilo linaloharibu majibu mengi kuliko uchaguzi wa algorithimu. Neno `ng'ombe` huandikwa kwa ritifaa tatu tofauti. Ya kibodi ni U+0027 (namba yake ya Yunikodi), baiti 1 kwenye UTF-8. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia na simu nyingi huiweka zenyewe, ni U+2019, baiti 3. Ya tatu, U+02BC, ni baiti 2. Neno moja, urefu wa baiti 7, 9 au 8, na anayetafuta kwa moja hapati mengine. Usawazishaji wa Yunikodi wa NFC, unaounganisha namna mbalimbali za kuandika herufi ileile, hausaidii, kwa sababu unazihesabu kuwa alama tatu zisizohusiana. Isitoshe, `\w+`, rejeksi ya Python ya kunasa neno, huikata `ng'ombe` kuwa `ng` na `ombe` kwa ritifaa mbili za kwanza, lakini huiacha nzima kwa ya tatu, ambayo Yunikodi huihesabu kama herufi.

Dawa ni kugeuza zote kuwa moja, kwenye matini na kwenye swali la mtafutaji, kabla ya kutafuta. Usigeuze kila U+2019, maana hiyo pia hufunga nukuu. Geuza ile inayotanguliwa na `ng` na kufuatwa na vokali au w. Hiyo w ni kwa ajili ya majina ya Kisukuma kama Ng'wandu. Na kwa kuwa urefu unabadilika, hifadhi nafasi za awali, la sivyo utaikoleza rangi sehemu isiyohusika ya matini. Kwa majina yenye alama za Kifaransa, kama André wa Kongo au Burundi, NFC inatosha.

"Umbali wa Levenshtein ukiwa mdogo, ni mtu yuleyule"

Kipimo hiki cha mwaka 1965 huhesabu herufi za kubadilisha, kuongeza au kuondoa ili neno moja liwe jingine. Kutoka `Mohamed` hadi `Muhammad` ni 3. Kutoka `Asha` hadi `Ali` pia ni 3. Gawanya kwa urefu wa neno refu, upate 3/8 na 3/4, na tofauti inaonekana. Hata hivyo `Asha` na `Aisha` hutofautiana kwa 1 tu, na orodha moja inaweza kuwa nao wote wawili. Tumia umbali kupendekeza majina yanayokaribiana, na uamuzi uthibitishwe kwa tarehe ya kuzaliwa au namba ya kitambulisho.

"Injini ya utafutaji hupitia kurasa zote kila unapouliza"

Hapana, huuliza faharasa iliyoandaliwa mapema, inayoonyesha kila neno limo kwenye kurasa zipi. Wengi hulisahau hili kwenye hifadhidata zao na kuandika `LIKE '%soma%'`, ambapo alama ya asilimia husimama badala ya herufi zozote. Faharasa ya kawaida imepangwa kwa mwanzo wa neno, basi asilimia ya mbele inaifanya isitumike na jedwali zima linasomwa mstari kwa mstari. Faharasa za maneno zenye kanuni za Kiingereza nazo hukata mwisho wa neno, ilhali `anasoma`, `walisoma` na `hawakusoma` hubadilika mbele. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, kiendelezi cha `pg_trgm` huvunja maandishi katika vipande vya herufi tatutatu, na tangu toleo 9.1 faharasa yake inahudumia `LIKE` yenye asilimia pande zote mbili. Inadai tu kwamba kati ya asilimia hizo kuwe na angalau herufi tatu zilizofuatana; zikiwa mbili, utarudi kusoma jedwali zima.