Sindano ya chanjo ya homa ya mafua haikupi mafua

“Nilichanjwa, nikaugua.” Kauli hii husikika sana miongoni mwa wahudumu wa nyumba za wazee Uingereza. Lakini sindano ile haina virusi hai: mna virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, na hivyo haviwezi kuzaliana. Mkono kuuma na homa ndogo ya siku moja mbili ni mwili ukijenga kinga. Kinga hiyo huchukua kama wiki 2, na anayeambukizwa kabla haijakomaa huisingizia sindano. Kweli, chanjo haizuii mafua kwa kila mtu. Ila mhudumu ana sababu ya kuchanjwa: huweza kuambukiza siku moja kabla ya kuanza kukohoa, na mzee anayelishwa naye, hata akiwa amechanjwa, mara nyingi hupata kinga hafifu kuliko kijana.