Ng'ombe wangapi kwa hekta?

Nilipotoka chuoni nilikuwa na jedwali moja nililoliamini kama msahafu. Unaingiza mvua ya mwaka na aina ya majani, linakupa idadi ya ng'ombe ambao ardhi inaweza kuwalisha. Wakizidi hao, waambie wafugaji wauze. Siku moja, kwenye boma fulani nyikani, nikamsomea mzee hesabu zangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, hiyo ni ya mwaka huu au ya mwaka jana?" Nikacheka. Kumbe mwenzangu hakuwa anatania.

Jedwali lile lilikuwa na ukoo wake. Mwaka 1916 mtaalamu wa mimea Mmarekani, Frederic Clements, alieleza kwamba uoto hupanda hatua kwa hatua mpaka ukafika kileleni, ukatulia hapo. Wataalamu wa malisho wakamwongeza ng'ombe: mifugo ikizidi, uoto unashuka, ikipungua, unapanda tena. Si nadharia mbaya pale mvua inapotabirika. Lakini ililetwa Afrika Mashariki nzima nzima, na tangu enzi za mkoloni ripoti nyingi za nyanda kame zikawa zinaanza na wimbo uleule: mifugo imezidi.

Kondoa walionja makali yake. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), na mwaka 1979 mifugo ipatayo 90,000 ikaondolewa kwenye eneo lililokuwa limechimbika makorongo. Tuseme haki: majani yalirudi, na miti ikarudi. Ila ng'ombe hawakuyeyuka. Wengi walishushwa nyanda za chini, na mzigo ukahamia huko.

Kisha, mwaka 1988, watafiti James Ellis na David Swift wakachapisha utafiti wao wa kusini mwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, uliotupa wengi wetu usingizi mbaya. Walisema mvua ya kule inayumba mno hata mifugo na malisho havipati muda wa kufikia mizani yoyote. Ukame unarudi kila baada ya miaka michache na kuua wanyama kabla hawajaongezeka kiasi cha kuyamaliza majani. Kwa maneno mengine, anayeamua kiasi cha majani ni mvua kuliko meno ya mbuzi. Sasa wastani wa mvua una maana gani? Ukisema milimita 300, huenda mwaka huu zikanyesha 120 na mwakani 500. Jedwali langu lilikuwa linapanga mifugo ya mwaka ambao karibu haupo. Mturkana anafuga ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, anawagawa makundi, anahama. Sisi tuliita kutangatanga. Ndiyo iliyokuwa menejimenti yenyewe.

Setilaiti nazo zikatia neno. Mwaka 1975 mwanaikolojia Hugh Lamprey alikadiria kwamba Sahara huko Sudan inasonga kusini kilomita 5 na nusu kila mwaka, na takwimu hiyo ikazunguka dunia nzima. Picha za setilaiti za miaka ya 1980 zilionyesha jambo jingine: ukingo wa jangwa ulishuka kusini mpaka ukame mkali wa 1984, mvua ziliporudi nao ukarudi nyuma.

Kuna wenzangu walioruka upande wa pili wakadai mifugo haiharibu ardhi kamwe. Hilo nalikataa. Nenda penye kisima kilichochimbwa bila kuwauliza wafugaji uone uwanja wa vumbi. Na yapo maeneo madogo, kama kingo za mito na mabonde yenye unyevu, ambayo kiangazi yanalisha kila mnyama wa eneo zima. Hayo ukiyamaliza, umemaliza yote.

Wasukuma walilijua hilo zamani. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikolea. Watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, wengi waliziacha ngitili zao nyuma, na kufikia 1986 Shinyanga zilibaki hekta 600 hivi. Mwaka huo ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Kilichofanya kazi hasa hakikuwa vitalu vya miche. Wanakijiji walirudishiwa ngitili zao, wakazifunga kwa sheria zao wenyewe, na visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi vikachipua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000.

Siku hizi nikiulizwa "ng'ombe wangapi?", naomba kwanza nichorewe mahali wanapokunywa na kula mwezi wa Septemba, na walikokwenda mwaka ule mbaya. Mara nyingi kidole kinaishia kwenye shamba la umwagiliaji au kwenye uzio. Kajiado, Kenya, ambako ranchi za pamoja ziligawanywa vipande, nimemkuta mfugaji akimlipa jirani kwa mwezi ili ng'ombe wake wavuke waya kufuata majani. Bei walipatana kwa simu, siku tatu baada ya mvua kunyesha upande wa pili.