Kabla ya Kulipia Nyumba ya Mkomani, Gonga Ukuta

Nimetumiwa tena picha za nyumba ya kupangisha Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu: ghorofa mbili zenye ngazi ya ndani, bustani nyuma, kuta nyeupe mpaka zinaumiza macho. Chini yake maneno yale yale: "Imepigwa saruji upya yote, hakuna unyevu." Jamani! Kuta hizi ndizo kazi yangu. Saruji haiondoi unyevu kwenye nyumba ya matumbawe. Inauficha tu, tena kwa muda.

Jiwe la matumbawe limejaa vitundu na linakunywa maji ya ardhini. Plasta ya chokaa inayaacha yatoke, upepo unayakausha, maisha yanaendelea. Ukiziba kwa saruji, maji hayarudi chini kwa aibu; yanapanda kutafuta pa kutokea. Ndiyo maana utakuta ukuta mkavu hadi kiunoni, halafu madoa yamezunguka zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Na maji hayo yana chumvi. Ikiganda nyuma ya plasta inatanuka, na jiwe linageuka unga.

Basi gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kuanzia sakafuni kwenda juu. Pale plasta iliposhika jiwe pana mlio mzito. Palipoachana panalia kama mtungi mtupu. Ukisikia unga ukichururika ndani, usimsikilize dalali tena. Uliza pia rangi ilipakwa lini. Nyumba iliyopakwa wakati wa kaskazi na kuonyeshwa wakati wa kaskazi haijakwambia lolote. Subiri masika yaijaribu.

Bustani sasa, hapo ndipo wapangaji wanapopoteza akili. Wanaona asumini na kivuli cha mwarobaini, hawaoni udongo uliorundikwa ukutani juu kuliko sakafu ya ndani. Kila jioni mtunza bustani anamwagia maji ya kisima, ya chumvi chumvi, na ukuta unakunywa pamoja na maua. Halafu sebuleni wanalaumu mvua! Udongo ushushwe chini ya sakafu, uachane na ukuta, maua yanayotaka maji mengi yahamie kwenye vyungu. Ukiwa hapo, angalia shimo la choo liko umbali gani na kisima.

Vitabu vitakwambia ung'oe saruji yote. Mimi huwa nasita. Saruji ngumu iking'ang'ania jiwe laini, ukiing'oa inaondoka na uso wa jiwe, na nimewahi kuchagua kuiacha juu na kung'oa sehemu ya chini tu. Mafundi wenzangu wengine hawakubaliani nami, na huenda wana haki. Tena hata plasta safi ya chokaa inaweza kubambuka masika ya kwanza, kwa sababu chumvi ya zamani bado inatoka. Mwenye nyumba anadhani amelaghaiwa, na kumweleza ni kazi kuliko plasta yenyewe.

Ghorofani, tazama boriti pale zinapoingia ukutani. Mchwa huanzia huko. Na usilalamike vyumba ni vyembamba. Boriti ya mkoko hubeba chini ya mita tatu, chumba kikafuata. Ukikuta sebule pana ajabu chini ya nyumba ya kale, uliza ni ukuta gani uliotolewa na nini kinabeba dari. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Kuvunja ukuta si hiari ya mwenye nyumba peke yake.

Ukishaipenda, mkataba useme nani atapaka kuta kila mwaka baada ya masika, na kwa chokaa, si rangi ya plastiki. Mwenye nyumba akikataa kuandika hilo, mwambie ashushe kodi au nenda ukatafute mtaa wa Langoni.