Kuweka 1KZ kwenye Hilux ya zamani: maneno ya gereji kuhusu waya

Hilux LN106 ya mwishoni mwa miaka ya 1980, ile yenye injini ya dizeli iitwayo 3L (ni jina tu, si lita tatu), haifi. Shida yake ni mlima. Pakia magunia ya mchele, anza kupanda, na utapata muda wa kuhesabu nguzo za umeme moja moja. Ndiyo maana wenye gari hizi wengi huishia kuitamani 1KZ-TE: silinda nne, cc 2982, ina tabo, injini iliyokuja na Hilux Surf na Prado za miaka ya 1990. Maunti zinachomelewa, giaboksi yake inapatikana, propela inarekebishika. Halafu gari linakaa gereji miezi likimsubiri fundi umeme.

Kazi ya waya yenyewe haistahili kuchukua muda huo. Inachelewa kwa sababu ya maneno machache ambayo kila gereji inayo, na mengine husemwa hata injini haijalipiwa.

"Wewe nunua injini, waya fundi ataunga"

Hili linagharimu kuliko mengine yote. Pita Gerezani pale Kariakoo, pita Grogan Nairobi au Kisekka Kampala, utaikuta injini imekalia tairi kuukuu, imetoka Japani au imepitia Sharjah. Inama uangalie upande wa pampu: nyaya zinaning'inia urefu wa kiganja, ncha zote sawa kama nywele zilizopitiwa na mkasi. Aliyeishusha alikuwa na haraka, akapitisha grenda. Muuzaji atakwambia hiyo si kitu.

Ukweli ni kwamba 1KZ-TE haiwaki bila kontroli boksi yake, yaani kompyuta ya injini. Pampu ya 3L inapima dizeli kwa gavana ya ndani na inahitaji waya mmoja tu wa kufungua solenoidi ya mafuta (vali ya umeme). Pampu ya 1KZ-TE ina vali ya umeme inayokata dizeli kwa kila mpigo, na nyingine inayosogeza taimingi, yaani wakati wa kupuliza dizeli. Zote mbili zinangoja amri ya kontroli boksi, nayo inasoma sensa ya kranki na sensa iliyo ndani ya pampu kabla ya kuamua. Kwa hiyo unaponunua, nunua kontroli boksi na wayaringi nzima (fungu lote la nyaya) kuanzia kwenye injini hadi soketi za boksi hilo, pamoja na rilei kuu (swichi inayowashwa na umeme), rilei za hita plagi (plagi za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha) na sensa ya presha ya tabo. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, maana kwa kawaida hufungwa kwenye bodi badala ya injini, na bodi ilibaki ng'ambo. Chukua pia kile kiboksi kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS kwenye mfuniko. Utakihitaji mwishoni.

Injini yenye vitu hivyo itakuwa ghali zaidi. Lipa. Ukinunua iliyokatwa halafu ukatafuta wayaringi kipande kipande, utalipa zaidi na bado hutakuwa na uhakika kama vipande vilitoka gari moja.

"Kontroli boksi yoyote ya 1KZ itafaa"

Soma kibandiko. Namba ya kontroli boksi ya injini ya Toyota kwa kawaida huanza na 89661, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha ya giaboksi ya manyo na ya otomatiki, na gari moja na jingine. Ukiwa na namba kamili, mchoro wa waya zake unatafutika. Bila namba, mnabahatisha. Jihadhari pia na boksi lililotoka kwenye gari lililotengenezwa kwa soko la Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990: mengi yana ulinzi wa ufunguo, na bila ufunguo wake na antena inayozunguka swichi, injini itapigwa stata hadi betri ilale.

"Hapo kuna waya mia, zote za kuunga upya"

Rundo hilo linatisha watu, na wapo mafundi wanaolitumia kupandisha bei. Waya nyingi humo zinatoka kwenye sensa kwenda kwenye kontroli boksi na hazikutani kabisa na gari lako. Kama hazijakatwa, usiziguse. Zinazokutana na Hilux ni kama dazeni moja, na kwenye michoro ya Toyota zina majina: BATT ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, wa kutunza kumbukumbu. +B ni umeme unaopita rilei kuu. IGSW ni swichi. STA inaliambia boksi kwamba stata inapigwa. SPD ni mwendo wa gari. W ni taa ya injini kwenye dashibodi. Kuna E kadhaa, ambazo ni ethi, njia ya umeme kurudi hasi ya betri, kisha taa ya hita plagi, rev kaunta, na AC kama unayo.

Mtego mkubwa uko kwenye IGSW. Fundi anawasha swichi, anachomeka testa kwenye waya wa redio, inawaka, anaunga hapo. Gari linapigwa stata: kimya. Unapoachia ufunguo, injini inajaribu kushika halafu inazima. Waya wa redio hukata umeme ufunguo unapofika kwenye START, kwa hiyo kontroli boksi lilikuwa limezimwa muda wote stata ikizunguka. Pima waya mara mbili: ufunguo ukiwa ON, na mwenzako akiushikilia kwenye START. Unaobaki na umeme mara zote mbili ndio wako. Dakika tano za testa, na nimeona watu wakishusha pampu nzima kwa kosa hilo.

"Bodi yote ni chuma, ethi weka popote"

Injini imekalia raba. Chuma chake hakigusani na bodi mpaka ukiunge kwa waya mnene, na bodi ya gari la miaka thelathini ina rangi, kutu na matope penye kila bolti. Stata inavuta umeme mwingi sana. Isipopata njia nzuri ya kurudi betri itapita popote inapoweza, ikiwemo waya wa chuma wa pedali ya mafuta, ambao umewahi kuungua kwenye magari mengi kwa sababu hiyo hiyo.

Usibishane na mtu, pima. Weka multimita kwenye volti za DC. Mkono mweusi kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, mwekundu kwenye bloku ya injini. Mwenzako apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, ethi yako ni mbovu hata kama inaonekana imekazwa. Kwenye ethi ya sensa nataka chini ya 0.1 injini ikinguruma, kwa sababu sensa hizi huzungumza kati ya volti 0 na 5, na nusu volti iliyopotea njiani tayari ni sehemu ya kumi ya maneno yao. Kata rangi hadi chuma kiwe cheupe, kaza, kisha paka grisi juu.

"Waya mweupe wenye mstari mweusi ni ethi, siku zote"

Kwenye Toyota mara nyingi ndivyo. Lakini gari hili limepita mikononi mwa mafundi wangapi? Pima kabla ya kuunga.

"Kulehemu ndiyo imara, kubana ni ulipuaji"

Hapa ukweli una pande mbili. Risasi inapoyeyuka inapanda ndani ya waya na kuufanya mgumu. Pale ugumu unapoishia ndipo unapokatikia baada ya mtikisiko wa barabara ya vumbi, na viwanda vya magari hubana tangu zamani kwa sababu hiyo. Lakini wanabana kwa koleo maalumu na kichwa cha saizi ya waya. Kubana kwa plaizi na kutumaini ni kubaya kuliko kulehemu. Kama huna koleo, lehemu, funika kwa mpira unaonywea kwa joto, kisha funga waya kwenye kitu kigumu karibu na kiungo ili usicheze. Kusokota na kuzungushia tepu nyeusi hakumo kabisa. Kwa joto la chini ya boneti, gundi ya tepu hutoka na kiungo kubaki uchi.

"Fyuzi kubwa ni salama zaidi"

Fyuzi inalinda waya. Weka ya ampea 30 kwenye waya mwembamba uliotakiwa ya 10, na waya ndio utakuwa fyuzi. Iweke karibu na betri pia. Ikiwa mbali, kipande chote kilicho kabla yake hakina mlinzi.

"Taa ya chaji ni pambo tu"

Hilux yako ina balbu ya chaji kwenye dashibodi. Itumie. Oltaneta ya 1KZ ina sehemu nne za kuunga waya: B, IG, S na L. Waya wa L unaenda kwenye balbu hiyo, na ndani ya regyuleta (kipande kinachodhibiti chaji) kuna swichi inayoushusha L kwenye ethi wakati hakuna chaji. Fundi anayeona balbu ni usumbufu na kuunga L moja kwa moja kwenye chanya anaunguza regyuleta siku hiyo hiyo.

"Basi nitaweka 1HZ, ile haina umeme"

Dizeli hiyo ya Land Cruiser ina umeme mdogo, na hiyo ni sababu nzuri ya kuichagua. Lakini baadhi ya Land Cruiser za soko la Japani zilikuwa za volti 24, na stata, oltaneta na hita plagi zake hutua hapa zikiwa za volti hizo. Soma maandishi kwenye mwili wa stata kabla ya kulipa.

"Imewaka, kazi imekwisha"

Injini inaweza kuwaka bila SPD wala sensa ya joto, ikaonekana nzima, halafu ikasumbua asubuhi ya baridi. Kwa hiyo usifunge tepu bado. Unga balbu ndogo kwenye W, upande wake wa pili upate umeme wa swichi. Kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSIS ingiza kipande cha waya kati ya matundu ya TE1 na E1, washa swichi bila kupiga stata. Balbu ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, boksi halina malalamiko. Ikipepesa mbili, ikapumzika, ikapepesa mbili, ni namba ya hitilafu 22, sensa ya joto la maji. Nne kisha mbili ni 42, haioni mwendo wa gari. Rekebisha, chomoa fyuzi ya BATT kwa dakika moja kufuta kumbukumbu, kaendeshe, urudi usome tena. Liendeshe likiwa na mzigo, mlimani, hadi injini ipate moto kweli. Tepu ifungwe baada ya hapo.