Torati kama Wayahudi wanavyoifundisha: dhana potofu na ukweli

Dhana: Torati maana yake ni sheria.

Neno la Kiebrania *tora* linatokana na kitenzi cha kufundisha na kuelekeza. Wafasiri wa Kigiriki waliliita *nomos*, sheria, na Wakristo tukarithi neno hilo. Fungua Mithali 1:8: mwana anaambiwa asiache "sheria" ya mama yake. Kwa Kiebrania hapo ni *tora*. Mama analea, na kulea huko ndiko kunakoitwa *tora*.

Dhana: "Jicho kwa jicho" ni kung'oana macho.

Hapa ndipo Wayahudi wanaposingiziwa zaidi. Marabi, yaani walimu wa dini wa Kiyahudi, walisoma Hesabu 35:31, inayokataza kupokea fidia kwa uhai wa muuaji, wakasema: kama kwa muuaji haipokelewi, basi kwa kiungo inapokelewa. Wakauliza pia: jicho la huyu likiwa kubwa na la yule dogo, usawa uko wapi?

Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika karibu mwaka 200 BK, inaeleza katika kitabu chake kiitwacho Bava Kama, sura ya 8, kwamba aliyejeruhi hudaiwa mambo matano: hasara ya kiungo, maumivu, matibabu, siku za kukosa kazi, na aibu. Hasara hupatikana kwa kukadiria aliyejeruhiwa angeuzwa bei gani sokoni kama mtumwa, kabla na baada ya kuumia. Akitokwa na vidonda kwa sababu ya jeraha lile, tiba yake inalipwa pia. Vikiwa na chanzo kingine, hailipwi. Siku za kukosa kazi huhesabiwa kwa ujira wa mlinzi wa shamba la matango. Msomaji wa haraka huona huo ni ubahili, lakini kama aliyeumia amepoteza mkono, thamani ya mkono huo imekwisha kulipwa katika hasara, na ulinzi ni kazi anayoiweza hata asiye na mkono. Na mtu akishalipa yote matano, bado hajasamehewa mpaka amwombe radhi aliyemuumiza. Anayehubiri Mathayo 5:38 ayaseme na haya.

Dhana: Myahudi hutafuta wokovu kwa kushika amri zote 613.

Hesabu hiyo, 248 za kutenda na 365 za kukataza, haimwangukii mtu mmoja. Nyingine ni za makuhani, nyingine za wakulima wa nchi ya Israeli, na nyingi zilihitaji Hekalu, lililobomolewa mwaka 70 BK. Watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, wanadaiwa 7 tu, zinazoitwa amri za Nuhu. Tena Wayahudi huhesabu Kutoka 20:2, "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri", kuwa neno la kwanza kati ya yale kumi: ukombozi umetangulia, amri zimefuata.

Dhana: Sabato haivunjwi hata mtu akifa.

Mgonjwa aliye hatarini hupelekwa hospitali kwa gari siku ya Sabato, na anayesita kumpeleka ndiye mwenye kosa. Walawi 18:5 inasema mtu ataishi kwa amri hizo. Marabi wakaongeza: si kwamba afe kwazo. Yasiyoruhusiwa hata kwa kuokoa uhai ni matatu: kuabudu sanamu, zinaa iliyokatazwa na Torati, na kuua.